Dau ambalo halikuwekwa wazi

Wadau, kuna sentensi moja ambayo sisi tunaoandika michezo tunaiandika mpaka vidole vimeizoea, hata ubongo ukiwa umelala: "kwa dau ambalo halikuwekwa wazi." Ukifungua gazeti lolote la Kiswahili kipindi cha dirisha la usajili utaikuta. Mchezaji ametoka hapa amekwenda pale, mkataba wa miaka miwili, ameshika jezi, ameshika skafu, anacheka. Bei? Kimya.

Leo nataka tujiulize huo ukimya umetoka wapi, kwa sababu haukushuka kutoka mbinguni. Una historia yake, na kwa maoni yangu una watu wanaonufaika nao na watu wanaoumia.

Tuanze na stori ambayo kila mtu anaikumbuka, ya Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 kijana aliamua kuondoka Yanga. Akaingiza kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112: milioni 100 za kuvunja mkataba, na milioni 12 za mshahara wa miezi mitatu. Yanga wakazirudisha. Suala likaenda TFF, kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, na Januari 2023 ikaamuliwa kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Nchi nzima ikageuka wanasheria. Kwenye daladala, saluni, kantini za vyuo, watu walijadili vifungu vya mkataba ambao wengi hawajawahi kuuona. Hesabu ya darasa la tatu ilitosha: milioni 12 gawanya kwa tatu, mshahara milioni 4 kwa mwezi. Zikaja na zile habari za ugali na sukari ambazo sihitaji kuwakumbusha.

Halafu Juni 2023, siku chache baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger, Yanga wakaalikwa Ikulu, na Rais Samia akawaomba viongozi walimalize suala la huyo kijana. Siku hazikupita nyingi, Yanga wakatangaza kwamba wamemuuza Azam FC. Kwa shilingi ngapi? Hapo sasa. Kwa dau ambalo halikuwekwa wazi.

Mnaona kichekesho? Wakati wanagombana tulijua mpaka mshahara wa kijana. Walipopatana, tukafungiwa mlango. Kwenye soka letu bei hujulikana pale biashara inapoharibika. Ikienda vizuri, hakuna atakayekwambia.

Labda mimi hili linanikera kuliko wengine kwa sababu ya nilikokulia. Kwetu ni Kichiwa, kati ya Njombe na Makambako, kwenye baridi na viazi. Mtoto wa kule kabla hajajua jedwali la kuzidisha anajua kwamba bei ni habari, na kwamba habari ina mwenyewe. Lori linakuja kutoka Dar, dalali anashuka, yeye anajua gunia linauzwa ngapi Mabibo na mkulima hajui. Basi mkulima anakubali bei ya shambani, na juu yake anakubali lumbesa, gunia linavimba mpaka linafungwa kwa kamba juu kama kilemba. Simu za mkononi zimesaidia kidogo, siku hizi mzee anampigia mpwa wake Dar kabla hajafungua ghala. Lakini kanuni ni ile ile: bei ikiwa siri, tafuta nani amesimama katikati.

Turudi kwenye soka. Zamani siri hii ilikuwa na sababu nyepesi sana: rasmi hapakuwa na bei. Soka la Tanzania lilikuwa la ridhaa. Mchezaji hakuwa mali ya kuuzwa, alikuwa mfanyakazi wa reli, wa bandari, wa jeshi, wa shirika la umma, ambaye jioni anacheza mpira. Ukimtaka, humpi mshahara wa soka, unamtafutia kazi. Au unampa kitu kidogo mkononi, pikipiki, kiwanja, godoro la mama yake, na hakuna karatasi inayoandikwa. Wazee wa vijiwe vya Kariakoo bado wanasimulia wachezaji walivyokuwa wakifichwa nyumbani kwa wanachama, mlango unafungwa, mpaka fomu ya usajili ifike kwa wakubwa. Pesa ilikuwepo. Ilikuwa inatembea gizani kwa sababu mchana ilikuwa haramu.

Na hata huko duniani, ukitaka kuficha bei kwanza weka sheria inayoikataza. Mwaka 1905 Middlesbrough walimnunua Alf Common kwa pauni 1,000, mara ya kwanza mchezaji kufika bei hiyo, na Waingereza wakapiga kelele kwamba binadamu anauzwa kama farasi. Waliomuuza ni Sunderland, klabu ambayo jina lake Simba walilitumia mpaka mwaka 1971. Kwa hiyo hata sisi tuna ujamaa kidogo na hilo dau. Mwaka 1908 chama cha soka cha Uingereza kikaweka kikomo: mwisho pauni 350 kwa mchezaji. Klabu zikafanya nini? Zikanunua mchezaji mmoja mzuri pamoja na wengine wasiojua mpira, kila mmoja kwa bei yake, ili jumla itimie. Kikomo kile hakikumaliza hata mwaka.

Kwetu mfano unaoniuma uko nyanda zetu za juu kusini. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu kutoka Rungwe iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Sisi watu wa baridi tunalitaja hilo hata leo, hata wenzetu wa Mbeya tunaowatania kwa mambo mengine yote. Lakini kilichofuata ni kwamba nyota wakachukuliwa mmoja mmoja na klabu za Dar, na timu ikaporomoka haraka vile vile ilivyopanda. Jiulize, klabu iliyotengeneza wachezaji wa kuchukua ubingwa ilibaki na nini mkononi? Kwenye ridhaa hapakuwa na swali hilo. Mchezaji "amehama" tu.

Basi tungetegemea soka la kulipwa lilipokuja, bei nazo zije na risiti. Haikuwa hivyo, na sababu nadhani ni hii: anayenunua wachezaji kwa muda mrefu hakuwa klabu. Alikuwa tajiri. Azim Dewji na Simba ya 1993 iliyofika fainali ya Kombe la CAF, Abbas Gulamali na Yanga, kundi la Friends of Simba, Yusuf Manji na Yanga. Pesa ilitoka mfukoni kwa mtu ikaenda kwa mchezaji au kwa klabu yake, haikupita kwenye vitabu. Na mtu akikununulia soda humuulizi bei ya chupa. Wanachama walipewa mchezaji kama zawadi, wakapiga makofi, mkutano mkuu ukaahirishwa, maisha yakaendelea. Nafikiri hapo ndipo ukimya ulipopata heshima. Kuuliza bei ikawa kama kukosa adabu kwa mfadhili.

Sisemi matajiri walifanya vibaya, bila wao klabu nyingine zingecheza peku. Nasema tu kwamba tabia ya zawadi ilibaki hata pale pesa ilipoanza kuwa ya klabu yenyewe.

Ushahidi? Emmanuel Okwi. Januari 2013 Simba walimuuza Mganda huyo kwa Étoile du Sahel ya Tunisia, na safari hii bei ilitangazwa kwa mbwembwe: dola 300,000. Kwa mara moja tukajua. Tatizo pesa yenyewe haikuja. Okwi akagombana na Watunisia, akaruhusiwa kurudi kucheza SC Villa kwao, na Desemba mwaka huo huo, Mungu mkubwa, akatua Yanga. Mchezaji aliyeuzwa Sousse akaibuka Jangwani, na Simba hawajaona senti. Agosti 2014 akarudi tena Msimbazi. Deni likabaki FIFA.

Pesa zilipokuja kupatikana, stori ikawa mpya. Juni 2017 viongozi wawili wa juu wa klabu walifikishwa Mahakama ya Kisutu, na mashtaka yalihusu dola 300,000 hizo hizo, kwamba ziliandikwa kama marejesho ya deni la klabu kwa kiongozi. Naomba msininukuu vibaya: shtaka la utakatishaji fedha liliondolewa mwaka 2019, na mwishowe waliachiwa huru. Sisemi mtu aliiba. Ninachosema ni kwamba mwanachama wa tawi la Temeke alijua safari ya pesa ya Okwi pale tu wakili wa serikali alipoisoma mahakamani. Ripoti ya mwaka ya klabu haikumwambia. Kama pasingekuwa na kesi, pasingekuwa na habari.

Ukiwauliza viongozi kwa nini wanaficha, na mimi kazi yangu ni kuuliza, majibu huwa yanafanana. La kwanza: tukisema tumeuza kwa dola laki tano, kesho tukienda kununua kila mtu atatupandishia. Hili ni la kweli. Hata mama ntilie akijua umepata mshahara leo wali unaongezeka bei. La pili: wivu kambini. Nalo ni la kweli, na lina mfano wa kuchekesha. Gareth Bale alipokwenda Real Madrid mwaka 2013 ilitajwa bei ya euro milioni 91, chini kidogo ya ile ya Cristiano Ronaldo, ili mwenye mji asinune. Januari 2016 mtandao wa Football Leaks ukamwaga mkataba hadharani: zaidi ya milioni 100. Timu kubwa kuliko zote duniani ilificha hesabu ili kulinda moyo wa mtu mmoja.

La tatu huwa halisemwi kwa sauti: mgao. Bei ikitajwa, linakuja swali la nani alipata nini. Wakala, ndugu wa mchezaji, aliyemleta wakala, aliyempokea aliyemleta wakala. Na TRA nao wanasoma magazeti.

Hapa Barcelona wanatusaidia sana, kwa sababu ni klabu ya wanachama kama Simba na Yanga zilivyozaliwa. Mwaka 2013 walimnunua Neymar, wakasema euro milioni 57.1, basi. Mwanachama mmoja, Jordi Cases, hakuridhika. Akaenda mahakamani kudai kujua pesa za klabu yake zimekwendaje. Mtu mmoja tu, wadau, mwenye kadi. Ikaja kujulikana kwamba katika hizo milioni 57.1, milioni 40 zilikwenda kwa kampuni ya wazazi wa mchezaji, na Santos iliyomlea ikapata 17.1. Rais wa klabu, Sandro Rosell, akajiuzulu Januari 2014, na klabu ikakiri kwamba ukijumlisha kila kitu gharama ilifika milioni 86.2. Kesi nyingine ya jinai juu ya dili hilo iliisha mwaka 2022 kwa washtakiwa kuachiwa. Lakini angalia ile namba ya 17.1. Bei ikigawanywa vipande na kupewa majina tofauti, aliyemlea mchezaji ndiye anapokea kipande kidogo.

Na msiniambie kwamba siri ni lazima, ndivyo soka lilivyo. Ureno klabu kubwa ziko soko la hisa, kwa hiyo zinalazimika kumwambia mdhibiti. Benfica walipomuuza João Félix kwa Atlético Madrid mwaka 2019, euro milioni 126 ziliandikwa kwenye taarifa rasmi, kila mtu akasoma. Borussia Dortmund nao wako sokoni. Hawajafa, bado wananunua, bado wanauza, tena kwa faida kuliko wengi.

Sasa nani anaumia kwetu? Watu husema ni mashabiki wananyimwa habari. Shabiki hana hasara kubwa, atatunga bei yake. Septemba 2017 Yanga walipokuja Sabasaba pale Njombe kucheza na Njombe Mji yetu, iliyokuwa Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, Ibrahim Ajibu ndiye aliyefunga lile bao moja. Alikuwa ametoka Simba msimu huo huo. Mimi nilikuwa sekondari, na naapa kila kijiwe kati ya Makambako na Njombe kilikuwa na bei yake ya Ajibu. Tulifurahi tu. Tulifungwa, mwisho wa msimu tukashuka daraja, lakini tulifurahi.

Anayeumia ni yule aliyemlea mchezaji. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya dau inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 mpaka 23. Miaka minne ya mwanzo, robo asilimia kila msimu. Kuanzia 16, nusu asilimia kila msimu. Ni senti ukizisoma haraka. Zisomeni polepole.

Mbwana Samatta alipita African Lyon, ile iliyokuwa Mbagala Market, akaenda Simba, mwaka 2011 akanunuliwa na TP Mazembe, Januari 2016 Genk, Januari 2020 Aston Villa. Villa na Genk hawakutaja bei, magazeti ya Uingereza yakaandika kuanzia pauni milioni 8.5. Chukua hiyo ya chini. Nusu asilimia ni pauni 42,500. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya milioni 120, kwa kila msimu mmoja aliokaa na klabu baada ya kufika umri huo. Kwa klabu ya Mbagala! Sasa shusha bei mpaka kwetu. Kijana wa Kichiwa amecheza timu ya mkoa misimu minne, kuanzia 16 mpaka 19, anakuja kuuzwa nje kwa dola 100,000. Haki ya ile timu ni asilimia 2, dola 2,000, karibu shilingi milioni 5. Kwa timu inayosafiri kwenda mechi ya ugenini kwa basi la kukodi, na kocha anayelipwa kwa kushikwa mkono, hiyo ni nusu msimu.

Lakini utadaije asilimia ya namba usiyoijua? Ukiambiwa dau lilikuwa dola 20,000, utabisha kwa lipi? Hapo ndipo sentensi yetu ya magazetini inaacha kuwa ya uvivu na kuwa kama lile lori la viazi: mmoja anajua bei ya Mabibo, mwingine anafunga lumbesa.

Kuna wanaosema teknolojia imemaliza hili, na kwa kiasi wana haki. Tangu Oktoba 2010 uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kulipwa lazima uingizwe kwenye mfumo wa kompyuta wa FIFA unaoitwa TMS. Klabu inayouza inaandika bei, inayonunua inaandika bei, zisipolingana mzigo hautoki. Na tangu Novemba 2022 kuna ofisi ya FIFA huko Paris ya kukusanya na kugawa fedha za malezi bila timu ya kijijini kuhitaji wakili. Ni hatua kubwa. Ila mfumo unamlipa aliyemo kwenye kumbukumbu. Mtoto aliyecheza misimu mitatu kwenye timu isiyosajiliwa chama cha wilaya, ambaye jina lake liliandikwa kwenye daftari la kaunta book likaliwa na mvua, kwa kompyuta ya Paris hajawahi kulelewa na mtu. Na mchezaji akihama kutoka timu moja ya Tanzania kwenda nyingine ya Tanzania, kama Fei Toto alivyohama, mgao huo wa FIFA haumgusi kabisa aliyemlea hapa hapa nchini.

Kwa hiyo bei zipo. Hazijapotea. Mwaka 2023 FIFA walijumlisha wenyewe uhamisho wa kimataifa wa wanaume wakapata dola bilioni 9.63, na huwezi kujumlisha usichokijua. Kila dau la kijana wetu aliyeuzwa nje limeandikwa mahali, lina tarehe na namba. Anayeuza analijua, anayenunua analijua, wakala analijua, shirikisho linalijua. Waliobaki nje ni mwenye kadi ya uanachama anayelipa ada yake kila mwaka, na yule kocha wa Kichiwa aliyemfundisha kijana kupiga mpira kwa mguu wa kushoto kwenye uwanja wenye mteremko.